Hakuna Karatasi Kabla ya Si

Asalaam aleikum. Walimu wetu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokuja na vyombo mikononi, karibuni.

Nimeombwa nizungumze juu ya vikundi vidogo vinavyochanganya muziki wa kuandikwa wa Ulaya na muziki wa kwetu: taarabu, kidumbaki (taarabu ya ngoma ndogo), ngoma za mashamba. Habari za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kumpeleka mtu Misri akajifunze ganuni mnazijua. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanza 1905 mnakijua, na safari ya mwimbaji Siti binti Saad ya kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 mnaijua. Sitarudia. Saa hii nataka kuitumia kwenye noti moja: Si, ile ya saba katika Do, Re, Mi, Fa, Sol, La, Si.

Kikundi chenyewe kwa kawaida ni hiki: fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na selo (fidla kubwa ya kupigwa umekaa), upande wa pili ganuni (nyuzi nyingi juu ya ubao), udi, nai (filimbi ya mwanzi) na rika (tari dogo), nyuma vidumbaki viwili na sanduku, besi yetu ya uzi mmoja. Siku ya kwanza ya mazoezi mtu anagawa karatasi, watu wanafungua stendi, na wimbo unaanza. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Nimelisema hili Unguja, nimelisema Pemba, na nitaendelea kulisema: hakuna karatasi kabla ya Si.

Chukueni rasti, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, na muianzie Sol. Sol, La, kisha inakuja Si iliyo baina ya Si ya piano na Si bemoli, ile iliyoteremshwa hatua moja ndogo ya piano. Halafu Do, Re, Mi, na Fa nayo imekaa katikati. Ile Si ndiyo rasti yenyewe. Ukiipandisha, umepata wimbo wa mchakamchaka wa skuli. Ukiishusha, umepata nahawandi, maqamu nyengine, iliyopotea njia. Na vyombo vilivyozoea muziki wa Ulaya vina tabia ya kuivuta huku au kule bila ya mpigaji kujua, kwa sababu kidole kimefundishwa miaka na miaka kwamba mahali pale hapana noti.

Tusiseme kwa mafumbo, tupime. Kwenye fidla ya mtu mzima, uzi wa Sol, kutoka Si bemoli hadi Si kamili ni kama milimita 15. Si tunayoitaka imo katikati, milimita 7 au 8 kutoka kila upande. Upana wa ncha ya kidole unazidi hapo! Ndiyo maana macho hayakusaidii. Lakini mkono unasaidia: cha kwanza kipo La, cha tatu kipo Do, basi cha pili kikae katikati yao, kisigusane na huyu wala na yule. Mpigaji aliyefundishwa Ulaya amezoea cha pili kimlalie jirani mmoja, ama La ama Do. Mwambie akiache peke yake. Kwenye selo nafasi hiyo hiyo inazidi sentimita 3, na La hupigwa kwa cha kwanza, Do kwa cha nne. Basi Si yetu inaangukia baina ya cha pili na cha tatu. Mpigaji wa selo achague kimoja na akizoeshe hicho hicho kila siku, asibadilishe kila wimbo.

Sasa zoezi. Selo anashika Sol, upinde mrefu, bila mtetemo. Ganuni anapiga polepole Sol, La, Si, Do, na kurudi. Fidla ya kwanza peke yake inapiga Si na kuishikilia. Ganuni anaigonga Si yake tena. Wanasikilizana. Kisha fidla ya pili peke yake, kisha viola. Kisha wawili wawili, kisha wote. Dakika kumi na tano, ishirini. Na mtetemo wa mkono wa kushoto uachwe kabisa wakati huu, kwa sababu mtetemo mpana unameza robo nzima, yaani nusu ya hatua baina ya Si bemoli na Si ya piano, na mtu anaweza kuimba vibaya mwaka mzima ndani ya mtetemo asijulikane.

Kuna kijana atanitolea simu hapa. Programu ya kupimia sauti, sindano ikisimama katikati inawaka kijani. Kijana wangu, sindano ile inajua noti kumi na mbili tu. Ukipiga Si iliyo sahihi ya rasti itakuonyesha nyekundu, nawe utairekebisha mpaka iwe kijani, na utakuwa umeiharibu kwa mkono wako mwenyewe. Tumia simu kwa La ya mitetemo 440 kwa sekunde, kisha iweke mfukoni. Au itumie kurekodi zoezi, mkae mkasikilize. Hiyo ni kazi nzuri ya simu.

Mwengine atasema: kinanda cha kisasa kina kitufe cha kuteremsha Si kwa nusu ya nusu, tatizo limekwisha. Halijakwisha. Kitufe kinateremsha kiasi kimoja, daima. Masikio ya wapigaji hayafanyi hivyo. Si ya rasti ya Sol na Si ya maqamu ya bayati ya La zinaandikwa kwa alama moja, lakini ile ya bayati hukaa chini kidogo. Maqamu ya hijazi nayo, ile nafasi pana ya katikati hubanwa: noti ya pili inapanda chembe, ya tatu inashuka chembe. Na wimbo wa taarabu hautulii kwenye maqamu moja. Mwimbaji yuko rasti, ubeti wa pili anaingia bayati, mpiga kinanda anatafuta kitufe. Mpiga ganuni anainua kile kibati kidogo pembeni mwa nyuzi kwa mkono wa kushoto, bila ya kuacha kupiga, na yuko tayari.

Na mwengine, huyu namheshimu zaidi, atasema: robo ni mambo ya Waarabu, nyimbo zetu nyingi na ngoma zetu hazina. Kweli kabisa. Basi chagua! Ukiwa na akodiani ya kawaida kikundini, nenda kwenye maqamu zisizo na robo: nahawandi, ajamu, kurdi, hata hijazi inakubalika. Hakuna aliyekulazimisha rasti. Ninachokikataa ni kuandika "rasti" juu ya karatasi halafu kupiga meja ya piano chini yake.

Maana hapo ndipo penye ugonjwa mkubwa: chodi, noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Mtunzi anaona ana fidla mbili, viola na selo, mikono inamwasha, anaweka Sol-Si-Re chini ya kila mstari. Viola anashika Si ya piano, ganuni anapiga Si ya rasti. Katika eneo la sauti ya kati, Si moja ni kama mitetemo 247 kwa sekunde, nyengine 240. Tofauti ni 7. Utasikia mnguruma unaotikisika mara saba kwa sekunde, na watu watasema ganuni haiko sawa! Ganuni iko sawa. Kilichopotoka ni chodi.

Dawa yake ni nyepesi. Selo na viola washike Sol na Re tu. Noti ya tatu, ile Si, waachiwe wenye maqamu. Sol na Re hazigombani na mtu: rasti inakaa juu yake, nahawandi inakaa, hijazi inakaa. Ukitaka uzito zaidi, ongeza Sol ya chini. Ukitaka mwendo, selo aimbe wimbo wenyewe oktavu moja chini mwishoni mwa mstari, pale ala zinapomjibu mwimbaji. Watu wanadhani ukiondoa chodi muziki unabaki mtupu. Sikilizeni taarabu ya nyuzi ilivyojengwa: wote wanapiga wimbo mmoja, lakini ganuni anaumwaga kwa noti nyingi nyembamba, udi anautaja kwa ufupi chini, nai anauvuta, fidla inateleza baina ya noti na noti. Masikio yanapata utajiri kutokana na tofauti hizo ndogo. Mpe mpigaji wa kwateti, zile fidla mbili, viola na selo, wimbo mtupu, usimwandikie mapambo, na mwambie amsikilize mwenziwe wa ganuni.

Na uchaguzi wa mahali pa kuanzia, tafadhali. Rasti ya Sol na bayati ya La ni rafiki wa fidla, kwa sababu nyuzi zote nne zikiwa wazi, Sol, Re, La na Mi, zimo ndani ya maqamu na zinaitika. Hamisha rasti hiyo hiyo uiweke Do. Sasa noti ya robo ni Mi, na fidla ina uzi wa Mi uliofungwa kamili, unaovuma wenyewe kila ukigusa jirani yake. Bayati ya Re nayo ina shida hiyo hiyo. Ikiwa sauti ya mwimbaji inalazimisha, basi uzi wa Mi usipigwe wazi hata mara moja. Noti hiyo ichukuliwe kwenye uzi wa La kwa kidole cha nne kilichorudishwa nyuma. Au fuateni mtindo wa wapiga fidla wa Misri, wafunge Sol-Re-Sol-Re. Lakini wafunge wote, si mmoja.

Kufunga nyuzi kwenyewe. Akodiani ikiwepo, wote wanaifuata, kwa sababu haiwezi kumfuata mtu. Mpiga nai ana nai kadhaa za kuchagua, basi aambiwe siku moja kabla nyimbo zinaanzia noti gani. Ganuni anaanza kufunga kabla ya wote. Nyuzi 78, tatu tatu kwa kila noti; nusu dakika kwa kila uzi ni dakika 39, na hapo hakukatika kitu. Nawaona watu wanamfikia mpiga ganuni robo saa kabla ya onyesho wanamwuliza kama yuko tayari. Mpeni saa nzima na mpeni ukimya.

Masika yanatuumiza khasa. Daraja la ganuni limekalia ngozi. Ngozi ikinyonya unyevu inalegea, daraja linazama, sauti inashuka. Ingia ukumbi wenye kiyoyozi, ngozi inakauka na sauti inapanda, na vigingi vya fidla, ambavyo nje vilivimba vikagoma, sasa vinasinyaa na kuteleza. Basi vyombo viwekwe ukumbini pale pale mtakapopigia, vifunguliwe mikoba, vikae saa moja kabla ya kuguswa. Vidumbaki vinaoteshwa moto mwisho kabisa, maana vikipoa vinashuka.

Naona naonyeshwa saa. Nilikuwa na mengi ya mapigo, nitataja mawili. Ngoma zetu nyingi zina mapigo sita yanayogawika mafungu mawili ya matatu na mafungu matatu ya mawili, kwa wakati mmoja. Mpigaji wa karatasi hutafuta pigo la kwanza na mguu. Aache mguu, ashike mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, nusu saa, agonge, ndipo arudi kwenye upinde. La pili: sanduku na selo wasipige mstari mmoja. Sanduku lina uzi mmoja na kijiti. Sauti yake ni kishindo chenye kivuli cha noti. Ukimwambia selo adonoe sawasawa nalo, utalifanya sanduku lionekane limekosea. Sanduku lidonoe, selo avute upinde.

Na maneno! Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho. Ma-PE-nzi. Pigo zito likiangukia "ma" au "nzi", msikilizaji wa Makunduchi au Wete atajua mara moja kwamba muziki ulitungwa kwanza na shairi likabandikwa. Someni ubeti kwa sauti, mizani nane kwa nane, kabla ya kuandika noti.

Vipaza sauti na mpangilio wa viti tutazungumza siku nyengine. Leo itosheni kwamba ganuni akae katikati, asisukumwe pembeni eti kwa sababu ni mkubwa.

Basi. Fungeni karatasi. Selo, nipe Sol, upinde mrefu. Ganuni, panda mpaka Do urudi, polepole. Fidla ya kwanza, peke yako: Si.