Jinsi ya kutengeneza duara linaloonekana kutoka sehemu moja tu

Karibuni tena. Tazama hilo duara jekundu: limetimia, utadhani linaelea katikati ya chumba. Sasa naipeleka kamera hatua moja kushoto. Limesambaratika! Kipande kimoja kiko mgongoni mwa kiti, kingine kimerefuka ukutani kama upanga, kingine kimelala sakafuni. Sikugusa kitu zaidi ya kamera.

Mbinu hii inaitwa anamofosisi, na ni ya zamani. Mwaka 1533 Hans Holbein alichora mabalozi wawili, akaweka miguuni pao doa refu lisiloeleweka. Ukisogea ubavuni mwa picha, doa linageuka fuvu la kichwa. Picha hiyo iko National Gallery, London. Anayenivutia zaidi mimi ni Felice Varini, Mswisi, maana yeye hafanyi kwenye turubai, anafanya kwenye majengo. Mwaka 2018 alitandaza maduara ya njano juu ya kuta na minara ya ngome ya Carcassonne, Ufaransa. Sisi tutaanza na kona ya chumba.

Andaa simu yenye tochi na stendi yake, kadi ngumu, bikari, penseli, mkasi, kisu cha karatasi, foili kidogo, ufito mwembamba uliochomekwa kwenye kopo la mchanga, na tepu ya karatasi ya rangi, ile wapaka rangi wanayozibia kingo.

Kwanza, amua jicho litakaa wapi. Wengi huanza na ukuta, ndiyo maana wanahangaika. Simama, chagua mahali, weka simu kwenye stendi kwa kimo cha macho yako. Kuanzia hapa tochi ndiyo jicho. Popote mwanga wake unapofika, jicho linafika. Popote penye kivuli, ndipo mchoro utakapokaa. Chukua kipande cha waya, kichomeke kwenye kitu kisichotikisika, ncha yake iguse taa ya simu. Alama hii tutaihitaji baadaye. Na tafadhali, zima mawasiliano ya simu. Mimi niliwahi kufika katikati ya kazi usiku, simu ikaita, ikatetemeka mpaka ikazunguka kwenye stendi. Nilibandua kila kitu.

Pili, ziba tochi kwa foili, kisha toboa tundu moja kwa ncha ya pini. Bila foili ukingo wa kivuli unakuwa na ukungu, na simu yenye taa mbili itakupa vivuli viwili.

Tatu, kadi. Chora maduara mawili kwa tundu moja la bikari, la nje upana wa sentimita 16, la ndani 12. Kata lile la nje kwanza. Lipachike kwenye ufito kwa pini inayopita kwenye tundu la bikari, likae sentimita 40 mbele ya tochi, likiikabili. Zima taa za chumba.

Hapa ndipo utamu ulipo. Ukuta ulio mita 2 kutoka kwenye tochi uko mbali mara tano kuliko kadi, kwa hiyo kivuli nacho kinakua mara tano: sentimita 80. Ule mstari wa sentimita 2 kati ya maduara yetu utakuwa na unene wa sentimita 10 ukutani, lakini kwenye kiti kilicho mita 1 utakuwa sentimita 5 tu. Kwa macho ya mtu anayepita, huo ni mchoro wa mlevi. Kwa tochi, unene ni mmoja.

Nne, fuata ukingo wa kivuli kwa penseli. Taratibu. Kikifika kwenye kona ya ukuta kitajikunja ghafla. Kikifika kwenye kiti kitakatika na kuendelea nyuma yake. Mkono utatamani kurekebisha, ulainishe pale palipovunjika. Usirekebishe! Chora kivuli, si duara unalolijua. Ukimaliza, toa kadi, kata duara la ndani, lirudishe kwa pini ile ile, uchore tena. Kivuli cha ufito kitakula sehemu ya chini kidogo. Iunge kwa mkono.

Washa taa. Jaza nafasi kati ya mistari kwa vipande vifupi vya tepu, kisha punguza ziada kwa kisu bila kukandamiza, usije ukachana rangi ya ukuta. Kazi hii inachosha na sina njia ya mkato.

Sasa jaribu. Lenzi na tochi ya simu havikai mahali pamoja, vimepishana kidogo, kwa hiyo sogeza simu mpaka lenzi iguse ule waya. Ukitumia macho yako, fumba moja. Macho mawili yametengana kama sentimita 6, na kile kipande cha kwenye kiti kitakusaliti.

Kuna wanaobandika alama ya nyayo sakafuni kuonyesha pa kusimama. Mimi sibandiki. Mwaka 2000 Mmarekani Robert Lazzarini alitengeneza mafuvu yaliyopindishwa, yakatundikwa ukutani, na ukiyazunguka vipi hayanyooki. Hakuna pa kusimama kabisa. Duara letu lina mahali pake, lakini mwache mgeni alitafute: aanze na upanga ukutani, ajiulize nani kaharibu kiti, apige hatua moja nyuma, nyingine, kisha anyamaze. Mkionana na mtu aliyenyamaza hivyo, mpigeni picha, mniwekee hapo chini.