Chakula cha Kwenye Meli ya Kitalii: Kaa Mezani, Achana na Foleni ya Bafe

[Muziki wa kufungulia]

OKELLO: Karibuni tena wasikilizaji, popote mlipo: Arua, Jinja, Mbarara, na nyinyi mliokwama kwenye foleni ya magari pale Kibuye. Mimi ni Okello, na mwenzangu yupo hapa mbele yangu, amenawiri.

ZAITUNI: Afande, hata salamu hujanipa, ushaanza habari za mwili wangu.

OKELLO: Habari za siku nyingi, dada Zai.

ZAITUNI: Njema kabisa. Sasa endelea na uchokozi wako.

OKELLO: Kwa wasiojua, dada Zai alikwenda Marekani kumtembelea dada yake, na huyo dada akampeleka kwenye meli ya kitalii, kutoka Miami hadi visiwa vya Karibi. Mimi meli yangu kubwa ni MV Kalangala ya hapa Ziwa Victoria, unapanda Nakiwogo, unashuka Lutoboka, saa tatu na nusu hivi, soda mkononi. Kwa hiyo leo kazi yangu ni kuuliza. La kwanza ambalo kila mtu ameniandikia: ni kweli unakula bure, mchana na usiku?

ZAITUNI: Unakula bila kutoa pesa mezani, kwa sababu ulishalipa kwenye tiketi. Chai ya asubuhi, chakula cha mchana, cha jioni, piza ya saa sita za usiku, aiskrimu ya watoto, vyote vimo. Kuna mgahawa mkubwa wa kukaa mezani, kuna bafe, na vibanda vidogo vya baga na piza karibu na bwawa la kuogelea. Halafu pembeni kuna migahawa ya kulipia. Meli zenyewe ni kubwa mno, Okello. Ile Icon of the Seas iliyoanza kubeba abiria Januari 2024 inaweza kuchukua watu 7,600, na sehemu za kula na kunywa zinapita 20. Si hiyo niliyopanda mimi, lakini hata yetu, siku ya kwanza tulikuwa tunapotea.

OKELLO: Watu elfu saba na mia sita! Hao wakisikia njaa kwa pamoja?

ZAITUNI: Ndiyo siku ya kwanza hiyo. Kila mtu anapanda mchana, chumba bado kinasafishwa, begi bado halijafika, basi wote mbio kwenye bafe. Mtu anatembea na sahani juu ya vichwa vya watoto akitafuta kiti. Dada yangu ana uzoefu, akaniambia, mdogo wangu, twende chini, kuna meli zinazofungua mgahawa mkubwa mchana huohuo na hakuna anayejua. Tukakaa kwenye kitambaa cheupe, dirisha la bahari, tukahudumiwa na watu wawili. Juu walikuwa wanapigania viazi.

OKELLO: Subiri hapo. Mganda anapelekwa mahali pa bafe isiyo na mwisho, unamwambia aende kukaa mezani aletewe kasahani kadogo?

ZAITUNI: Hapo ndipo tunapokosea. Bafe chakula chake si kibaya. Lakini kinapikwa kwa maelfu na kinakaa kwenye mvuke. Wali unashikamana, samaki anakauka. Kule mezani sahani inatoka jikoni wakati umeagiza. Na hicho kasahani kadogo unachokidharau, unaruhusiwa kuagiza viwili. Unataka supu mbili na samaki na nyama ya kondoo? Sema tu. Siku hizi kampuni nyingine zinatoza dola chache ukifika sahani kuu ya tatu, lakini ya pili hakuna anayekuangalia vibaya.

OKELLO: Hilo wangeniambia mapema ningeshauza pikipiki.

ZAITUNI: Na utamu wa meza si sahani tu. Kuna utaratibu wa zamani: unapewa saa yako, meza yako na wahudumu wako, safari nzima. Wa mapema wanakula saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili jioni, wa pili saa mbili au saa mbili na nusu usiku. Siku ya pili mhudumu analijua jina lako. Siku ya tatu ukikaa unakuta chupa ya pilipili imeshawekwa, kwa sababu aliona jana ulivyoitafuta. Mimi nimekulia Bombo, kwetu Wanubi mgeni anashughulikiwa, lakini huyu kijana alinishinda.

OKELLO: Na kama mtu hataki kupangiwa saa kama kambini? Mimi nimekulia kambini, dada Zai, kengele ya chakula naijua.

ZAITUNI: Norwegian Cruise Line ndio waliolifanya hilo kuwa jambo kubwa, mwaka 2000, wakasema kula saa unayotaka, kaa na unayemtaka. Sasa karibu kampuni zote kubwa zina namna hiyo. Unachagua wakati wa kukata tiketi. Ila kumbuka, ukija saa moja usiku bila nafasi, na wenzako elfu moja wamewaza hivyohivyo, utasubiri. Mimi ningekuwa na wazazi wangu au watoto, ningechukua saa ya mapema, tuonane na mhudumu wetu yuleyule, tuende zetu. Kama ni vijana wanaolala alfajiri, wachukue ya kujipangia.

OKELLO: Menyu ikoje? Usiniambie matooke.

ZAITUNI: Matooke utayaota tu. Hakuna matooke, hakuna posho, hakuna binyebwa, mchuzi wetu wa karanga. Wanga wao ni kaviazi kaliopondwa, kijiko kimoja, kamechorwa juu kwa uma. Siku za mwanzo nilikuwa naamka usiku tumbo linaniuliza, sasa tumekula au tumeonja? Kuna samaki, kuku, nyama, tambi, saladi. Usiku wa kuvaa vizuri, kwenye safari za wiki nzima, mara nyingi wanaleta kambakochi. Na kuna konokono.

OKELLO: Konokono gani?

ZAITUNI: Konokono. Wa Kifaransa, wameokwa na siagi na vitunguu saumu, wanaletwa kwenye kisahani chenye vishimo sita.

OKELLO: Banange! Wale wanaotambaa kwenye migomba?

ZAITUNI: Wewe Okello, mwezi wa Novemba si ndiye unayesimama barabarani kununua nsenene kwa kikombe? Mla panzi hana mdomo wa kumcheka mla konokono.

OKELLO: [anacheka] Nsenene ni tofauti. Nsenene ni heshima.

ZAITUNI: Haya, mheshimiwa.

OKELLO: Twende kwa msikilizaji wa Kawempe, anauliza: sisi Waislamu tunakula nini huko?

ZAITUNI: Swali langu hilo. Kwenye meli hizi za Marekani usitegemee jiko la halali. Andika kwa kampuni mapema, wiki kadhaa kabla, uulize kwa maandishi wana nini. Mara nyingi mlo wa Kiyahudi uliofungwa wanaweza kukuletea ukiagiza mapema, lakini halali ni juu ya kampuni na meli. Mimi niliishi kwa samaki, mayai, na sahani ya Kihindi isiyo na nyama. Hiyo ya Kihindi ndiyo siri ya safari, kwa Mwislamu na asiye Mwislamu. Jikoni wamo wapishi wengi wa Kihindi, na meli nyingi zina kari ya mboga au dengu jioni. Ukiona haipo kwenye menyu, mwambie mkuu wa wahudumu leo kwamba kesho unaitaka. Dengu ile, na wali, na chapati, Okello, nilijiona niko Old Kampala.

OKELLO: Na bia? Au tuseme soda, kwa heshima yako.

ZAITUNI: Hapo ndipo pesa inapotoka. Maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi havina malipo. Soda unalipia, bia unalipia, kahawa ya mashine yenye mapovu unalipia. Soda moja inaweza kupita shilingi 10,000 zetu. Na hawapokei noti, ni kadi ya chumba tu, unaigusisha, unaondoka unacheka. Siku ya mwisho bili inasukumwa chini ya mlango au inakuja kwenye simu. Nimemwona mzee mmoja wa makamo amesimama pale kaunta ya huduma asubuhi, kalamu mkononi, anahesabu moja moja na mke wake anatazama bahari.

OKELLO: Si wanasema kuna kifurushi cha vinywaji?

ZAITUNI: Kipo. Unalipa kwa siku, unakunywa. Cha pombe ni ghali, na kampuni kadhaa zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wakinunue, ili msinunue kimoja mkagawana. Kama mume anakunywa na mke ni Mlokole, mnalipia pombe ambayo mmoja hataigusa. Kifurushi cha soda ni nafuu. Ila piga hesabu: ukishuka bandarini asubuhi ukarudi jioni, siku hiyo utakunywa vingapi?

OKELLO: Kuna kitu kingine kilinishtua nikisoma, bakshishi ya lazima.

ZAITUNI: Inawekwa yenyewe. Kampuni kubwa za Marekani zinatoza kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku, hata mtoto. Mume na mke, usiku saba, ni karibu dola 250, yaani kama laki tisa za kwetu. Kwa hiyo ukiona tangazo la bei rahisi, ongeza hiyo kabla hujafurahi. Na mimi sitamshauri mtu aende kaunta kuiondoa. Wale wahudumu wana mikataba ya miezi sita, minane, kazi kila siku, hakuna Jumapili. Nilikutana na Mkenya mmoja, tulipoanza Kiswahili alikaribia kudondosha trei. Nikamuuliza wao chini wanakula nini. Akasema wali, asubuhi wali, jioni wali, kwa sababu Wafilipino na Waindonesia ni wengi. Nikasema ugali? Akanitazama tu.

OKELLO: Maskini. Na ile migahawa ya kulipia, inafaa?

ZAITUNI: Ya steki unaweza kutoa dola 50 mtu mmoja, hiyo ni shilingi 180,000. Kwa pesa hiyo hapa Kampala unaita ukoo mzima kwenye luwombo. Nyama ni nzuri, sikatai, na ni kimya, hakuna watoto. Kama ni kumbukumbu ya ndoa, nendeni usiku wa kwanza, mara nyingi kuna punguzo kwa sababu watu bado hawajaizoea meli. Kwa safari ya kawaida mimi sioni sababu. Kuletewa chumbani, kampuni nyingi siku hizi zinatoza, na chakula kinafika kimepoa. Tupite.

OKELLO: Usafi je? Tunasikia meli nzima imeharisha.

ZAITUNI: Kirusi chake kinaitwa norovirusi, na kinapenda mahali ambapo watu wengi wanashika kijiko kimoja. Yaani bafe. Mlangoni kuna mtu anakuimbia unawe mikono, na wengi wanapaka ile dawa ya spiriti wanapita. Dawa ile haimwezi vizuri norovirusi, inatakiwa sabuni na maji. Hapo sisi tuna bahati, tumelelewa na birika na beseni kabla ya chakula. Kingine, meli zinazopita bandari za Marekani zinakaguliwa kwa kushtukiza na CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, zinapewa alama kati ya 100. Ikipata 85 kushuka chini, imefeli. Matokeo yako wazi kwenye intaneti, unaweza kuitafuta meli yako kwa jina kabla hujalipa.

OKELLO: Hilo nimelipenda. Ningetamani na vibanda vyetu vya rolex, chapati ya kukunjia mayai, pale Wandegeya viwe na alama.

ZAITUNI: Usiguse Wandegeya. Wandegeya iache.

OKELLO: Swali la mwisho, la mama mmoja wa Gulu: naweza kubeba chakula changu?

ZAITUNI: Mama, cha kupika nyumbani hapana, watakizuia mlangoni. Kilichofungwa dukani, kama biskuti au chupa ya pilipili ambayo haijafunguliwa, kwa kawaida kinapita. Birika la umeme la kuchemshia usibebe, wanalichukua. Na kinyume chake: usishuke na ndizi au nyama ya bafe kwenye mkoba ukifika bandarini, sheria za kilimo za visiwa vile ni kali, kuna mbwa wa kunusa. Ukishuka kisiwani kula cha huko, unalipa mwenyewe. Nassau, kule Bahamas, wanatengeneza saladi ya kombe mkubwa wa baharini, anakatwa mbele yako, limau, nyanya, pilipili kali ya kweli. Baada ya siku tatu za viazi vya uma, nilikula nimesimama.

OKELLO: Umeagiza ngapi?

ZAITUNI: Wewe ulisema nimenawiri. Jibu unalo.

OKELLO: [anacheka] Wiki ijayo tunarudi nchi kavu: wapi Kampala unapata sombe iliyopikwa na karanga za kusaga siku hiyohiyo. Kama unapajua, tutumie ujumbe wa sauti, usizidi dakika moja tafadhali, mjomba wa Lira unajijua.

[Muziki]