Ruhusa Hufuata Kazi: Kuhusu Daftari la Pamoja la Mtandao wa Ofisi

Waheshimiwa viongozi wa vyama vya ushirika, walimu wakuu, na wenzangu mnaotunza kompyuta za ofisi hapa Kisumu na maeneo jirani, hamjambo.

Miaka michache iliyopita niliitwa na ofisi moja katika eneo hili, ambayo sitaitaja, kukagua mtandao wake wenye kompyuta 14. Kila kompyuta ilikuwa na majina yake ya watumiaji, yaliyowekwa na yeyote aliyeitengeneza mara ya mwisho. Karani mmoja wa mikopo alikuwa ameacha kazi miezi 7 kabla ya siku ile, na bado nililikuta jina lake likiwa hai katika kompyuta 9 na katika folda ya mikopo waliyoitumia wote, huku nywila yake ikiwa imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kibodi. Sikuona dalili kwamba mtu ameitumia vibaya. Kilichonitia hofu ni jibu la meneja nilipomwuliza ni nani hasa anayeweza kufungua faili za mikopo leo: alinyamaza kidogo, kisha akasema tumwulize kijana anayekuja kutengeneza mashine. Kijana alipopigiwa simu, naye hakujua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ofisi ile haikuwa na daftari. Ilikuwa na vipande 14 vya daftari, kila kimoja kikisema lake. Mfumo ninaokuja kuwaeleza ni wa kuviunganisha vipande hivyo katika seva moja, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, inayomjua kila mtumishi, kila kompyuta, kila printa na kila kikundi cha watumishi, hata ikawa mtu ana jina moja na nywila moja popote anapoketi. Wengi wetu tunaujua kwa jina la Active Directory, uliokuja pamoja na Windows 2000. Ofisi isiyo na fedha za leseni ya seva inaweza kutumia Samba, programu huria ambayo tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012 hufanya kazi hiyohiyo juu ya Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Eneo linalotawaliwa na daftari hilo huitwa kikoa, nami nalipenda neno hili, kwa sababu kikoa cha asili ni shirika la watu wanaotoa kwa zamu na kula pamoja, na hakuna anayekula kikoa bila kujulikana na wenzake.

Mtumishi anapoandika nywila yake asubuhi, nywila yenyewe haipiti kwenye kebo. Kompyuta huitumia kuthibitisha kwa seva kwamba huyu ndiye, na seva hutoa tikiti ambayo kwa kawaida hudumu saa 10. Kuanzia hapo mtumishi huomba kwa tikiti hiyo kila huduma anayoihitaji, iwe folda au printa. Utaratibu huu unaitwa Kerberos, nao ulibuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1980. Tikiti zina muhuri wa wakati, na ikiwa saa ya kompyuta imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, kipimo cha kawaida, tikiti hukataliwa.

Nalisisitiza jambo la saa kwa sababu linatuhusu sisi wa ukanda wa ziwa. Mvua ya jioni inaponyesha na stima ikapotea, saa ya kompyuta huendelea kutembea kwa nguvu ya betri ndogo ya mviringo, aina ya CR2032, iliyo ndani ya mashine. Betri hiyo ikiwa imekufa, kompyuta huamka asubuhi ikiamini kwamba ni mwaka mwingine kabisa. Mtumishi hulalamika kwamba nywila imekataa, msimamizi humbadilishia nywila mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na asubuhi nzima hupotea kwa kosa ambalo lingeonekana kwa kutazama tu saa iliyo pembeni mwa skrini. Basi tazameni saa kwanza. Pili, hakikisheni kwamba kompyuta zote zinauliza majina ya mtandao kwa seva ya kikoa, wala si kwa ruta ya intaneti, maana kompyuta isiyoweza kuipata seva kwa jina haiwezi kuomba tikiti.

Sasa nije kwenye kiini, nacho ni ruhusa. Kosa ninalolikuta mara nyingi, hata katika ofisi zenye kikoa, ni kumpa mtu ruhusa kwa jina lake. Leo karani anaongezwa kwenye folda ya mikopo, kesho anahamia akiba na kuongezwa huko, keshokutwa anashikilia nafasi ya mhasibu aliye likizoni, na baada ya miaka 3 ana funguo za nyumba nzima bila mtu yeyote kuwa amekusudia hivyo. Ruhusa ipewe kazi. Tengenezeni kikundi cha makarani wa mikopo, nacho kiruhusiwe kusoma na kuandika katika folda ya mikopo. Kikundi cha wakaguzi kiruhusiwe kusoma tu. Kisha mtu aingizwe kikundini anapoanza kazi na aondolewe anapoiacha. Mumkumbushe pia kutoka kwenye kompyuta na kuingia upya, kwa kuwa orodha ya vikundi vyake husomwa wakati wa kuingia.

Mtumishi akiondoka kabisa, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo, lakini isifutwe kwa haraka. Mfumo humtambua kwa nambari ya pekee iliyo nyuma ya jina, na ukiifuta akaunti kisha ukaunda nyingine yenye jina lilelile, nambari itakuwa mpya na ruhusa za zamani hazitarudi. Kufunga akaunti nako kuna mpaka wake: kompyuta ya Windows hukumbuka kwa kawaida watumiaji 10 wa mwisho ili waweze kuingia hata seva isipopatikana, kwa hiyo kipakatalishi kilichobaki nyumbani Ahero bila mtandao wa ofisi kitaendelea kufunguka kwa nywila ileile. Kifaa chenyewe lazima kirudishwe.

Kuhusu sera za kompyuta, kama vile kufunga skrini baada ya dakika 10 au kuzuia flashi, niseme tu kwamba huandikwa mara moja kwenye seva na kila kompyuta huzichukua upya baada ya takriban dakika 90, zikiongezwa dakika chache za kubahatisha, hadi 30, ili mashine zote zisiibishie hodi seva kwa pamoja. Zijaribuni kwa kompyuta moja kwanza. Wekeni seva mbili zenye daftari hilohilo, si moja, ili moja ikizimika nyingine iendelee, na msimamizi asisome barua pepe kwa akaunti yake ya usimamizi.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ofisi ijue kwamba taarifa za watu zimefikiwa bila idhini na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru. Saa hizo ni chache mno kwa ofisi inayoanza kuuliza siku hiyo ni nani aliyekuwa na ruhusa gani.

Ofisi ile ya kompyuta 14 ilijengewa kikoa. Nilipowatembelea baadaye, karani alikuwa anahamishwa kutoka mikopo kwenda akiba, na katibu, ambaye hakusomea kompyuta, alilitoa jina lake kwenye kikundi kimoja na kuliingiza katika kingine. Karani alitoka, akaingia upya, akajaribu kufungua folda ya mikopo, akakataliwa. Kisha katibu alinichapishia orodha ya waliobaki katika kikundi cha mikopo. Walikuwa watu 4, na meneja aliwajua wote.