Weka Mkono: Muuguzi na Vidonda vya Kulala

Ndugu Mwenyekiti, wauguzi wenzangu na wanafunzi wetu, nitarudia jambo ambalo baadhi yenu mmenisikia nikilisema hadi mkachoka, na nitaendelea kulisema madhali bado tunashinda tukisafisha vidonda vya kulala, yaani vile vinavyompata mgonjwa anayelalia sehemu moja muda mrefu, ambavyo tungeweza kuvizuia.

Vitabu vyetu hufundisha kwamba dalili ya kwanza ya kidonda cha kulala ni wekundu usiofifia ukibonyezwa kwa kidole. Wekundu huo ni wa ngozi nyeupe. Tumemfundisha mwanafunzi kuutafuta kwenye ngozi nyeusi, ambayo huenda isiuoneshe kabisa, kisha tunashangaa anapoandika kwamba hakuona kitu.

Nilipokuwa mwajiriwa mpya nilimhudumia mzee aliyevunjika paja, mguu wake ukiwa umefungiwa uzito wa kuuvuta. Kila asubuhi nilimwinua kidogo, nikatazama juu ya makalio na kuandika kwamba ngozi ilikuwa salama. Siku ya nne binti yake, aliyekuja kumfuta mwili kwa maji ya uvuguvugu, aliniita akasema, “Dada nesi, hapa pana joto kuliko kwingine, tena pamekuwa pagumu.” Nilitazama, sikuona kitu, nikamjibu kwa kiburi cha mwenye cheti kwamba asiwe na wasiwasi. Baada ya siku mbili ngozi ilichubuka, na chini yake nyama ilikuwa imekwisha kufa. Mzee huyo alikaa wodini muda mrefu kwa ajili ya kidonda, mfupa ukiwa umeshaunga.

Kwa hiyo wekeni mkono. Linganisheni sehemu yenye mfupa na ngozi iliyo kando yake: ina joto au baridi zaidi, ni ngumu au inabonyea kama tope, mgonjwa anasema inauma? Tazameni penye mwanga mzuri kama kuna baka la zambarau au jeusi kuliko ngozi yake ya kawaida.

Najua kuna anayenong’ona huko nyuma kwamba wodi ina wagonjwa 40 na wauguzi 2, na kwamba kumgeuza kila mtu kila baada ya saa 2 ni ndoto. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kutumia kipimo cha Braden, kilichochapishwa mwaka 1987, cha kumpa mgonjwa alama kulingana na hatari yake ya kupata vidonda hivi: alama 18 kushuka chini zinakuonesha nani wa kuanza naye. Ndugu wanaokuja kuogesha wafundishwe kugeuza bila kumburuta mgonjwa juu ya shuka, ila wajibu unabaki kwa muuguzi. Na karatasi ya kugeuza iliyojazwa yote saa 12 alfajiri, kwa kalamu moja na mwandiko uleule, haijawahi kumgeuza mtu.

Naona saa inanikimbia, kwa hiyo haya nayataja tu. Acheni kusugua kwa spiriti penye mfupa, kwa kuwa mnaumiza nyama ambayo tayari imekosa damu. Acheni kuweka glavu zilizojazwa maji chini ya kisigino. Wekeni mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro. Aliyejisaidia kitandani asafishwe mara moja, asingoje zamu ijayo. Kuhusu lishe nilikuwa na kurasa 3, lakini Mwenyekiti ameshasimama.