Fedha ya Mji Inaingia Lini? Mhadhara juu ya Kuchagua Mji Mdogo wa Kuhamia na Kufanya Biashara

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mnaokaribia kustaafu, vijana mliotoka vyuoni, mabibi na mabwana, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi mliomo ukumbini humu mmekwisha kulitafakari kimyakimya, yaani kuondoka Dar es Salaam, kwenda kuishi katika mji mdogo na kuanza biashara huko. Sababu zake mnazijua. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na yeyote mwenye fremu Mbagala au Tegeta atawaambieni kwamba nusu yao, kwa jinsi anavyowaona yeye, wanauza bidhaa ileile anayoiuza. Kwa hiyo sitatumia muda wenu kueleza kwa nini mtu ahame. Nitazungumzia ahamie wapi, na hasa aulize nini kabla hajapakia vyombo kwenye lori.

Wengi huanza na swali hili: mji ule unakosa nini? Mtu amekwenda Babati au Mbinga kwa msiba wa siku tatu, akaona hakuna duka la vipuri vya pikipiki lililokamilika, au hakuna mkahawa wenye choo kinachofaa, na njiani anaporudi amekwisha kupiga hesabu ya faida. Swali hilo ni dhaifu. Pengo mnaloliona mjini lina maana mbili zinazopingana: ama hakuna aliyewahi kuileta biashara hiyo, ama walioileta walifunga wakaondoka, na kwa mtu anayetazama kwa dirisha la basi maana hizo mbili zinafanana kabisa. Swali ninalotaka mwondoke nalo ni jingine: fedha ya mji huu inaingia kwa mikono ya nani, inaingia mwezi gani, na inakaa muda gani kabla ya kutoka?

Tuchukue Masasi, mkoani Mtwara, kwa sababu pale mambo yanaonekana waziwazi. Uchumi wa wilaya ile unaegemea korosho. Korosho hupelekwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, zikapimwa, zikahifadhiwa ghalani na kuuzwa mnadani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, kisha malipo ya mkulima huingia benki. Minada huanza Oktoba na kuendelea hadi karibu na mwaka mpya au baada yake kidogo. Maana yake ni kwamba kuna majuma ambayo foleni ya benki inafika barabarani, na watu wakitoka benki wanaingia moja kwa moja kwenye maduka ya bati, saruji, pikipiki, magodoro na vitenge. Atakayeutembelea mji ule mwezi Novemba ataapa kwamba amegundua dhahabu. Arudi mwezi Mei. Duka ni lile, muuzaji ni yuleyule, lakini kitu kinachofanya kazi zaidi juu ya kaunta ni daftari la madeni: jina la mteja, sukari kilo moja, sabuni mche mmoja, na pembeni ahadi ambayo kila mtu anaielewa, kwamba atalipa msimu ukifika. Mwenye duka anayeelewa kalenda hiyo huendesha biashara mbili ndani ya chumba kimoja. Msimu anauza bidhaa za ujenzi na vyombo vya moto kwa fedha taslimu. Kiangazi cha mfuko anauza chakula na sabuni kwa kiasi kidogo, na mtaji wake haulali wote kwenye bati lisilo na mnunuzi.

Msimu wenyewe nao hauna dhamana. Mnakumbuka mwaka 2018, wanunuzi walipotoa bei ambayo wakulima waliikataa, Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na Jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri, lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wakulima wengi walisubiri. Sasa mfikirieni mfanyabiashara aliyechukua mzigo Kariakoo kwa mkopo mwezi Oktoba akiamini kwamba Desemba atakuwa amerejesha. Yeye hana shamba hata moja, halijui hata jani la mkorosho, lakini hatima yake imefungwa na malipo ya mkulima. Ndiyo maana nasema kwamba anayehamia mji wa zao moja amekuwa mkulima wa zao hilo, apende asipende, na ni vyema awe na akiba ya kumvusha msimu mzima ulioharibika.

Ipo miji inayoishi kwa mshahara. Makao makuu ya wilaya yana walimu, wauguzi, maofisa wa halmashauri, mahakama na polisi, na fedha yao huingia kila mwezi bila kutegemea mvua. Ni fedha ndogo lakini ina adabu. Mji wa namna hii unafaa kwa maduka ya dawa, vifaa vya shule, saluni, nyumba za kupanga na mama lishe aliye karibu na ofisi. Mikoa ya Njombe, Geita, Simiyu na Katavi ilipoanzishwa mwaka 2012, na Songwe ikafuata mwaka 2016, miji kama Bariadi, Mpanda na Vwawa ilipata ofisi za mkoa, na ofisi huja na watu wanaokula, wanaolala na wanaonyoa. Lakini mshahara nao una miguu. Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro ilihamisha makao yake kutoka mjini Morogoro kwenda Mvuha, na wilaya nyingine zilizokuwa na ofisi katika miji isiyo ndani ya maeneo yao zilifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla hujapanga fremu mkabala na ofisi, ulizia ofisi hiyo inatumikia eneo gani, na kama eneo hilo ndilo unalosimama.

Miji ya barabarani ndiyo inayovutia watu wengi, na ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi. Makambako ninaupenda kama mfano, kwa sababu mji ule una milango mingi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana pale na barabara inayotoka Songea kupitia Njombe, na reli ya TAZARA ina stesheni hapohapo. Viazi mviringo, mahindi, mbao na sasa maparachichi ya nyanda zile hushuka hapo au hupita hapo, na si yote kwa mwezi mmoja. Lori lililopeleka viazi Dar es Salaam halipendi kurudi tupu, na mwenye duka anayejua kupatana na dereva au dalali wa malori hupandisha mzigo wake wa Kariakoo kwa nauli ambayo mwenzake wa mji usio na mazao hawezi kuipata. Hicho ndicho kitu nisichosikia kikizungumzwa: mji unaotoa mazao mengi huleta bidhaa kwa unafuu, kwa sababu gari lazima lirudi.

Linganisheni na mji unaoishi kwa mlango mmoja tu, yaani basi kusimama. Kwa takriban miaka thelathini mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, na safari ndefu za kwenda Kanda ya Ziwa zililazimika kulala njiani. Gesti zilijengwa kwa ajili ya abiria hao, na supu ya alfajiri ilipikwa kwa ajili yao. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu mabasi kusafiri saa ishirini na nne. Kwa msafiri ilikuwa habari njema. Kwa mwenye gesti aliyekuwa akijaza vyumba kwa abiria wa usiku mmoja, mteja wake alifutwa kwa tangazo moja. Mwaka uliofuata, mwezi Juni 2024, treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na kufikia Agosti ilikuwa inafika Dodoma. Reli hiyo inapita upande wa Kilosa. Barabara inapita Dumila, Gairo na Kibaigwa. Abiria aliyekuwa akishuka kununua karanga na mahindi ya kuchoma barabarani sasa anapita upande wa pili wa milima. Kibaigwa nina wasiwasi nayo kidogo tu, kwa kuwa ina soko lake kubwa la mahindi linalowaleta wanunuzi kwa shughuli yao wenyewe. Mji ambao mgeni anaufuata ni salama kuliko mji ambao mgeni anaupitia.

Mtaniuliza: mtu mgeni atazijuaje habari hizi, wakati hakuna ofisi inayozibandika ukutani? Yuko mtu mmoja anayezijua, naye amekaa chini ya mwavuli kando ya stendi. Ni wakala wa pesa za simu. Msimwulize anapata kiasi gani, hatawaambia na si heshima kumwuliza. Mwulizeni nini humwishia kwanza, ni floti, yaani salio la fedha lililomo ndani ya simu yake, au ni noti. Noti zikimwishia mapema, maana yake wateja wake wanatoa zaidi kuliko wanavyoweka: kuna fedha inatumwa kutoka nje, ama na watoto walio Dar es Salaam kwa wazazi wao, ama na wanunuzi wa mazao kwa wakulima. Floti ikimwishia, watu wanaweka noti ili wazitume kwingine, na mara nyingi hao ni wenye maduka wanaolipia mizigo. Hali zote mbili ni nzuri, kila moja kwa biashara yake. Ile ya kwanza inakuonyesha walaji, ya pili inakuonyesha washindani. Kisha mwulizeni ni mwezi gani hali hiyo hugeuka. Akiwajibu bila kufikiri, mmepata kalenda ya mji. Akisema haijawahi kugeuka kwa sababu hakuna kinachomwishia, shukuruni, nunueni vocha kwake, mpande basi linalofuata.

Kuna aina ya mji ambao ningewaomba vijana waukwepe, nao ni mji wa ahadi. Mkataba wa bandari ya Bagamoyo ulitiwa saini mwaka 2013 na mradi ukasimamishwa mwaka 2019. Katikati hapo watu walinunua viwanja kwa bei ya meli ambazo hazijatia nanga. Chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, vimezungumzwa tangu wengi wenu mkiwa shule ya msingi. Siwakatazi kuamini kwamba miradi itafika. Nasema kodi ya pango haisubiri mradi. Hata mradi uliofika kweli una mwisho wake. Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulifikia tamati mwaka 2021. Kahama haikufa, kwa sababu ina mpunga, na barabara ya malori ya Rwanda na Burundi inapita pale. Kama ingekuwa na mgodi peke yake, mngekuwa mnanunua fremu zake kwa bei ya kutupa.

Sasa niseme machache kuhusu safari ya kwenda kutazama. Nendeni katika mwezi mbaya wa mji huo, si katika mwezi wake mzuri. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza karibu Novemba au Desemba na mahindi huvunwa katikati ya mwaka, kwa hiyo Februari mkulima amekwisha kumaliza fedha kwenye mbegu na mbolea na bado hajavuna chochote. Biashara inayopumua Makambako mwezi Februari itaishi. Wenye fremu nao wanakuwa wapole mwezi huo. Yule aliyedai kodi ya mwaka mzima na kilemba juu yake, yaani fedha ya kuachiwa fremu, mwezi Agosti, atakubali kodi ya miezi mitatu. Laleni gesti ya kawaida, kuleni kwa mama lishe, fikeni sokoni siku ya gulio na siku isiyo ya gulio, mhesabu wanaonunua badala ya wanaotembea.

Kwa wazee wetu mnaosubiri kiinua mgongo, naomba nikazie jambo moja. Msipeleke fedha yote mjini kwa mkupuo. Mnapofika na kujenga, kununua gari na kujaza duka ndani ya mwezi mmoja, mji mzima unajua mna kiasi gani, na bei ya kila kitu, kuanzia tofali hadi shamba, inapandishwa kwa ajili yenu. Pangeni kwanza. Jitambulisheni kwa mwenyekiti wa mtaa, hudhurieni misiba, ingieni kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kama kipo. Katika mji mdogo mteja hununua kwa mtu anayemfahamu hata kama bei yake imezidi kidogo, na kufahamika huko hakuuzwi.

Kuhusu taratibu, leseni ya biashara ndogo za kawaida hutolewa na halmashauri ya mahali biashara ilipo, hivyo ile ya Kinondoni haiwafuati Njombe, na taarifa zenu za mlipakodi lazima zirekebishwe mhamapo. Vijana na akina mama wakumbuke pia ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni ya vikundi vya wakazi wa halmashauri husika, na ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona mapema. Mwekeni katika orodha ya watu wa kuonana nao katika safari ileile ya Februari, mchana, baada ya kuzungumza na yule wakala wa stendi.

Mwenyekiti, niko tayari kupokea maswali.