Msimu wa 1946 na masharti ya mwenye uwanja

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Leo nitazungumzia msimu mmoja wa futiboli ya Kimarekani, msimu wa 1946, na nitaanzia kwenye kikao, kwa sababu jambo kubwa la msimu ule liliamuliwa mezani kabla mpira haujaguswa.

Tarehe 15 Januari 1946, tume ya umma inayosimamia uwanja wa Coliseum wa Los Angeles ilikaa kusikiliza ombi la mpangaji mpya. Mwombaji alikuwa klabu ya Rams, mabingwa wa NFL, ligi kuu ya mchezo huu. Mwezi mmoja nyuma, wakiwa bado timu ya Cleveland, walikuwa wametwaa ubingwa kwa kuwafunga Washington 15 kwa 14 katika baridi kali. Lakini ubingwa haukumletea faida mmiliki wao, Dan Reeves. Akaamua kufungasha virago na kuhamia mwambao wa Pasifiki, ambako NFL haikuwa na timu hata moja. Wamiliki wenzake walipinga wakisema ni mbali mno, yeye akakaza mpaka wakakubali. Kilichobaki ni uwanja, na uwanja wa maana mjini ulikuwa huo mmoja, wenye kupokea watu zaidi ya laki moja.

Hapo ndipo aliposimama Halley Harding, mwandishi wa michezo wa Los Angeles Tribune, gazeti la Wamarekani weusi. Hoja yake haikuzunguka. Coliseum ni mali ya umma, na weusi wa jiji hili wanalipa kodi kama wengine. Ligi hii haina mchezaji mweusi. Kwa haki gani basi ipewe uwanja wetu? Wajumbe wa tume wakaielewa. Charles Walsh, meneja mkuu wa Rams, akajikuta akiahidi mbele ya watu kwamba mchezaji yeyote anayestahili ataruhusiwa kujaribiwa, na waandishi weusi wakamtaja palepale wanayemtaka: Kenny Washington.

Nataka mwelewe uzito wa dai lile. Zamani ligi ilikuwa na wachezaji weusi. Fritz Pollard alikuwa nyota wa Akron waliotwaa ubingwa wa 1920, na mwaka uliofuata akaifundisha timu hiyohiyo. Wa mwisho kucheza walikuwa Joe Lillard na Ray Kemp, mwaka 1933. Baada yao, misimu 12 ikapita bila mchezaji mweusi hata mmoja. Hakuna karatasi iliyosainiwa, na wamiliki waliendelea kukana kwamba waliwahi kukubaliana. Lakini misimu 12 mfululizo haiwezi kuwa bahati mbaya. Lawama kubwa imemwangukia George Preston Marshall, mmiliki wa timu ya Washington, na kwa maoni yangu anaistahili. Hata hivyo wenzake nao walikuwa watu wazima. Walinyamaza kwa sababu kunyamaza hakukuwagharimu chochote.

Na huyu Kenny Washington alikuwa nani? Kwa wasioujua mchezo huu, timu ya watu 11 hupewa nafasi nne za kuusogeza mpira yadi kumi, ama kwa kukimbia nao mkononi ama kwa kuurusha. Washington aliyaweza yote mawili. Mwaka 1939, akichezea Chuo Kikuu cha UCLA, hakuna mchezaji wa vyuo Marekani nzima aliyepata yadi nyingi kumzidi. Kwenye timu ile walikuwemo pia Woody Strode na Jackie Robinson, huyohuyo ambaye baadaye angeingia kwenye historia ya besiboli. Walimaliza msimu bila kufungwa. Mwaka 1940 Washington alicheza mechi ya nyota wa vyuo mjini Chicago, na George Halas, mmiliki na kocha wa Chicago Bears ya NFL, akamwomba asiondoke kwanza ili amtafutie njia ya kumsajili. Njia haikupatikana. Akarudi nyumbani kucheza ligi ndogo ya Pasifiki, huku magoti yakizidi kuharibika.

Kwa hiyo Rams walipomsajili tarehe 21 Machi 1946, walikuwa wanamsajili mtu wa miaka 27 aliyekwisha kupasuliwa magoti. Hili linaniuma kuliko yote katika habari hii. Wengi husherehekea siku ile kama siku ya mlango kufunguliwa, na ni kweli ulifunguliwa, lakini miaka yake bora ilikuwa imekwisha kuliwa nje ya mlango. Strode, aliyesajiliwa miezi michache baadaye, alikwisha kuvuka miaka 30. Aliletwa hasa ili Washington apate mwenzake wa kulala naye chumba kimoja safarini. Akacheza msimu huo mmoja, kisha akaenda Kanada, na baadaye akawa mwigizaji wa filamu maarufu.

Msimu wenyewe haukuwapa mengi. Washington aliingizwa kidogokidogo, na Rams wakamaliza kwa kushinda mechi 6, kupoteza 4 na sare 1. Lakini mwaka 1947, dhidi ya Chicago Cardinals, alichukua mpira akakimbia yadi 92 hadi kwenye mstari wa mwisho. Mkimbio huo bado ni rekodi ya klabu. Kwa magoti yale! Wazeni miguu ile ikiwa na miaka 22.

Huko Cleveland, mji ulioachwa na Rams, mlango ulifunguliwa kwa namna nyingine. Ligi mpya ya AAFC ilianza mwaka uleule, na Paul Brown, kocha wa Browns, timu mpya ya Cleveland, akawachukua wachezaji weusi wawili, Bill Willis na Marion Motley. Brown aliwajua vizuri: Willis alimfundisha chuoni Ohio State, Motley kwenye timu ya kambi ya wanamaji wakati wa vita. Alitaka kushinda, na hawa walikuwa wa kumshindia. Mechi ya kwanza, tarehe 6 Septemba, Browns waliwafunga Miami 44 kwa 0 mbele ya watu zaidi ya 60,000. Lakini ziara ya Miami ilipofika, Motley na Willis waliachwa nyumbani. Sheria za Florida zilikataza weusi na weupe kuchuana, na vitisho vilikuwa vimekwisha kutumwa. Browns walitwaa ubingwa wa ligi hiyo mwaka huo na kila mwaka mpaka ilipovunjwa, 1949.

Ubingwa wa NFL wa 1946 ulikwenda kwa Chicago Bears, 24 kwa 14 dhidi ya New York Giants, katika fainali iliyotiwa doa na kashfa ya wacheza kamari waliojaribu kuwahonga wachezaji wawili wa Giants. Hayo yanatosha mhadhara wake.

Turudi kwa Marshall, maana yeye hakuguswa na kikao cha Los Angeles. Timu yake ilibaki ya weupe watupu kwa miaka 16 zaidi, hata wenzake wote walipokuwa wamebadilika. Kilichomfikia ni kilekile. Mwaka 1961 alikuwa anahamia kwenye uwanja mpya jijini Washington, uliojengwa juu ya ardhi ya serikali kuu. Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya Kennedy, Stewart Udall, ambaye wizara yake ndiyo iliyosimamia ardhi hiyo, akamwambia kwamba asiyeajiri weusi hatautumia. Marshall akabishana, akavuta muda, akacheza msimu mwingine na timu yake vilevile, akashinda mechi moja tu kati ya 14. Mwaka 1962 akaja mchezaji mweusi, Bobby Mitchell, kutoka Cleveland. Msimu wake wa kwanza alidaka mipira 72, hakuna aliyemzidi katika ligi nzima.