Kujaribu tarehe kwenye Python mpaka igome

Haya wadau karibuni tena, leo tunaishika Python tunaibana kwenye tarehe, yaani tunaipa maandishi tuone inasoma nini, inagomea nini, na wapi inakubali kitu ambacho wala hukukimaanisha. Hii ya mwisho ndo naomba uikazie macho, maana eror utaiona tu hata ukiwa na usingizi, ila tarehe iliyosomwa vibaya inapita kimyakimya mpaka kwenye databesi.

Fungua terminali, andika python3, gonga enta. Ukipenda kufanyia kwenye faili poa tu, ila usiliite datetime.py tafadhali, Python italivuta hilo lako badala ya la kwake na utashinda hapo unajiuliza kulikoni. Kisha andika:

from datetime import datetime, date, timedelta

Tuanze na nyepesi. Hii strptime inasoma maandishi inayageuza kuwa tarehe kwa kufuata fomati unayoipa, %d ni siku, %m ni mwezi, %Y ni mwaka wa tarakimu nne:

datetime.strptime("29/02/2024", "%d/%m/%Y")

Imekubali, 2024 ni mwaka mrefu, una siku 366. Bonyeza mshale wa juu ubadilishe mwaka uweke 2023, unaona, ValueError, yaani eror ya thamani isiyofaa. Weka 2000 inapita, weka 1900 inagoma, kwa sababu mwaka unaogawanyika kwa 100 hauwi mrefu mpaka ugawanyike na kwa 400. Hapo iko vizuri, twende mbele.

Sasa toa mwaka kabisa:

datetime.strptime("29 Feb", "%d %b")

Imegoma! Na tarehe 29 Februari ipo, si ndio? Kinachotokea ni kwamba usipompa mwaka yeye anajiwekea 1900, na 1900 tumeshaona haina tarehe 29 Februari. Ubaya wa hii ni kwamba "28 Feb" inapita na "1 Mar" inapita, kwa hiyo unaweza kukaa miaka na programu yako ikiwa safi kabisa halafu siku moja tu inaanguka. Dawa yake ubandike mwaka mwenyewe kwenye maandishi kabla hujayasoma, na kwenye fomati uongeze %Y. Halafu hiyo %b (jina fupi la mwezi) inafuata lugha iliyowekwa kwenye programu, ikibadilishwa kuwa lugha nyingine Feb inaweza isitambulike, so kama una uwezo wa kuchagua tumia namba.

Sawa, sasa ile ninayoipenda. Tunaondoa mikwaju, namba zinashikana:

datetime.strptime("1112024", "%d%m%Y")

Kabla hujagonga enta jiulize, hiyo ni tarehe 1 mwezi wa 11 au tarehe 11 mwezi wa 1? Gonga. Inakuletea 2024, 1, 11, yaani Januari 11, bila eror bila onyo. Kwenye siku inabeba tarakimu mbili kwanza ikiweza, ikapata 11, kwenye mwezi ikataka 12 ikaona mwaka utabaki na tarakimu tatu, ikarudi nyuma ikachukua 1. Kama mtumaji alimaanisha Novemba 1 basi imekula kwako, na testi (kodi fupi ya kukagua programu) inayoangalia tu kama kuna eror haitaikamata kamwe. Kwa hiyo kwenye testi andika jibu unalolitegemea, siku, mwezi na mwaka, usiishie kwenye "haijaanguka".

Mwaka wa tarakimu mbili nao una mpaka wake. Tumia %y ndogo, weka "01/01/68", inatoka 2068. Weka "01/01/69", inatoka 1969. Namba moja tu imekurudisha nyuma miaka 99! Tarehe za kuzaliwa za wazee zikiwa zimeandikwa hivi, mtu wa 1950 anageuka kuwa wa 2050, hajazaliwa bado.

Tugonge ukuta sasa. Andika date.max, unapata 9999, 12, 31, na date.min inaanzia mwaka wa 1, hakuna mwaka 0 wala kabla ya hapo. Jaribu "01/01/10000" kwa %Y kubwa, inagoma, lakini soma ile eror vizuri: inasema unconverted data remains: 0. Hajalalamika kwamba mwaka ni mkubwa, amechukua tarakimu nne, akapata 1000, ikabaki sifuri haina pa kwenda. Kichekesho, ila ujumbe wa namna hiyo ukiukuta kwenye logi unaweza kukupeleka siko.

Sekunde za desimali kwa kifupi: %f, ambayo ndo fomati yake, mwisho wake ni tarakimu sita, ukimpa tisa anagoma. Ila datetime.fromisoformat, ile inayosoma tarehe za mtindo wa ISO kama 2024-02-29, kuanzia Python 3.11, inazikata zinazozidi bila kusema chochote. Vesheni hiyo hiyo ndo ilianza kukubali ile Z ya mwishoni (inayoonyesha saa ni ya UTC), za nyuma zinaigomea, kwa hiyo testi ziendeshe kwenye vesheni ile ile iliyopo kwenye seva.

Mwisho tufungie kwenye pytest, chombo cha kuendesha testi. Tengeneza test_tarehe.py:

import pytest
from datetime import datetime, date, timedelta

def test_miaka_miwili():
    assert datetime.strptime("01/01/68", "%d/%m/%y").year == 2068
    assert datetime.strptime("01/01/69", "%d/%m/%y").year == 1969

def test_februari():
    with pytest.raises(ValueError):
        datetime.strptime("29/02/2023", "%d/%m/%Y")

def test_ukuta():
    with pytest.raises(OverflowError):
        date.max + timedelta(days=1)

Hifadhi faili, andika pytest kwenye terminali, zote tatu zinapita. Angalia hiyo ya tatu nimeweka OverflowError, yaani jibu limevuka mpaka, ukiweka ValueError testi inafeli kwa sababu hizo mbili si ukoo mmoja, kwa hiyo na kwenye programu yako pale unapodaka eror za tarehe, kama unajumlisha siku pia, zidake zote mbili.